Ujumbe Usiosomwa Hewani

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, Nimia Ocampos alipanda jukwaa la ukumbi wa parokia ya Costa Tacuara akiwa na gauni alilolipiga pasi mara tatu. Mbele yake watu kama mia tatu walikuwa wamejaa kwenye viti vya plastiki, kila ukoo na jagi lake la maji ya barafu, pembe za tereré, chai baridi ya majani inayonyonywa kwa mrija, zikipita mkono kwa mkono. Feni za darini zilizunguka kwa uvivu, zikilichukua joto la safu ya mbele na kuwapelekea wa safu ya nyuma.

Miaka kumi na miwili Nimia alikuwa akisoma redioni ujumbe wa watu, kila siku saa sita kamili mchana. Ng'ambo ya kijito, na huko kwenye mashamba makubwa ya ng'ombe, simu hazishiki mtandao, lakini redio ya betri inashika hata ukiitia ndani ya chungu na kuifunika. Kwa hiyo mtu akitaka kumwambia mkewe amsubiri njia panda na farasi, au kumwarifu kaka yake kwamba mtoto amezaliwa na ana kilo nne, huandika karatasi, huileta dirishani kwa Nimia, na saa sita Nimia huisoma. Redio ni ya manispaa. Kiti cha msomaji ni cha manispaa. Na sasa manispaa ilitaka kumleta msomaji mwingine, ambaye hata kiti hakukihitaji.

Msomaji huyo alikuwa pale pale jukwaani, juu ya meza yenye kitambaa cheupe: kisanduku cheusi chenye jicho la kioo na kipaza sauti. Kiliitwa Panambí, yaani kipepeo, jina alilolichagua meya mwenyewe. Ndani yake, walivyoambiwa, mlikuwa na akili mnemba.

Sheria inataka manispaa isimwondoe mtu kazini kwa ajili ya mashine kabla ya mjadala wa hadhara, kisha wananchi wapige kura kwa mikono. Ndiyo maana Nimia aliketi kwenye meza moja na waheshimiwa: kulia kwake Meya Wilfrido Cabañas, shati limelowa kwapani; kushoto kwake Diwani Zunilda Arrúa wa upinzani, bingwa wa mashindano ya kuoka mikate ya jibini, chipa, kwa miaka mitatu mfululizo; na mwishoni Injinia Rolón kutoka mji mkuu, mwenye mashine. Mwalimu Ladislao, mstaafu, aliendesha mjadala kwa kengele ya ng'ombe. Kila mtu dakika tatu.

Meya akaanza.

"Ndugu wananchi! Dunia inakimbia! Inakimbia, nawaambia! Na sisi je? Sisi tumekaa tunanyonya tereré!"

Ukumbi ukaacha kunyonya kwa muda wa pumzi moja, kisha ukaendelea.

Injinia Rolón akafuata. Panambí, alisema, anasoma kurasa elfu moja kwa dakika. Hakohoi, haumwi jino, hazai, haendi likizo.

"Basi mpeni umeya!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Meya naye akacheka, maana mkutano ulikuwa unarushwa hewani moja kwa moja.

Ikafika zamu ya Nimia. Akasogeza kipaza sauti, kitu alichokifanya mara elfu kadhaa maishani mwake, lakini safari hii bila karatasi mbele yake. Maneno ya wengine yalikuwa yakimtoka kama maji ya bomba. Ya kwake mwenyewe hayakuwa yameandikwa popote.

"Mimi," alisema. "Mimi nasoma." Akatazama dari. "Basi."

Katika dakika zake tatu alikuwa ametumia sekunde kumi na moja. Mwalimu Ladislao akaitazama kengele yake kwa aibu, asijue kama aipige au aiache.

Diwani Zunilda akarukia nafasi. "Mimi na chama changu tunasimama na Nimia! Mwanamke! Mfanyakazi! Mama!"

Nimia, ambaye hakuwa na mtoto, akainamisha kichwa.

Mambo yalikuwa yakienda hivyo, na Nimia alikwisha kuanza kufikiria kama binamu yake bado anatafuta mtu wa kumsaidia kuuza vitambaa, wakati Mwalimu Ladislao aliporuhusu maswali. Akasimama mzee Poli wa kinu cha miwa, kofia mkononi.

"Namuuliza huyo injinia. Mimi nina miaka themanini na moja. Nikifa, hiyo mashine yako itasemaje?"

"Itasema umekufa, mzee wangu."

"Hivyo hivyo tu?"

"Hivyo hivyo, na kwa matamshi safi kabisa."

Mzee Poli akageuka. "Na wewe, binti? Ungesemaje?"

Hapo Nimia akasahau kwamba yuko jukwaani. Mtu alikuwa amemuuliza habari ya kazi yake.

"Wewe ukifa, mzee Poli, sisemi kitu mpaka nimtume mwenye pikipiki kwa binti yako kule shambani. Namfahamu Apolonia, ana moyo mdogo. Nikisema redioni ataanguka peke yake, jikoni, na moto unawaka. Kwa hiyo saa sita nitasema tu: Apolonia asiende kukamua leo, anapata mgeni. Basi. Majirani watakaosikia wataelewa, watakwenda kukaa naye. Akipata habari atakuwa na watu wa kumshika."

Mwanamke mmoja akajifuta macho kwa ncha ya aproni. Mzee Poli akavaa kofia yake, kisha akaivua tena.

"Mimi nimeridhika," alisema. "Naweza kufa."

Makofi yakalipuka, yakagonga bati, yakarudi. Watu wakapiga majagi kwa vijiko. Diwani Zunilda akamkumbatia Nimia kwa upande aliosimama mpiga picha wa gazeti.

Lakini Wilfrido Cabañas hakupata umeya kwa sura yake. Alikuwa ameinama, anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Mama Nimia," alisema kwa upole, "hebu nieleweshe. Mtu analeta karatasi imeandikwa 'Poli amekufa'. Wewe unasoma 'anapata mgeni'. Ina maana husomi kilichoandikwa?"

"Nasoma... ninachosoma ni..."

"Ndiyo au hapana, mama."

Nimia hakuwa hodari wa kudanganya. Hilo lilikuwa tatizo lake kubwa mbele ya waheshimiwa.

"Nyingine navisha nguo kidogo," alisema.

"Anavisha nguo! Na zile zisizovalika?"

"Hizo sisomi."

"Unazipeleka wapi?"

"Ziko kwenye gunia."

Alipolitamka neno hilo alilisikia likitoka kwenye spika za ukumbi, na akajua kwamba linatoka wakati huo huo katika kila redio, jikoni na zizini, hadi mpakani.

"Gunia!" Meya akaruka kama aliyeketi juu ya siafu. "Mmesikia, ndugu zangu? Kuna gunia! Miaka kumi na miwili mnaandika, mnatembea juani, mnaleta, na mwanamke huyu anazitia kwenye gunia!"

Ukumbi ukabadilika rangi. Aliyekuwa anajifuta macho aliiachia aproni. "Ya kwangu ya Pasaka!" mtu mmoja akapiga kelele. "Nilidhani upepo ndio uliharibu mawimbi!" "Nani amekupa ruhusa wewe?" "Anajifanya padri!"

Nimia akamgeukia Diwani Zunilda, amtafutie neno. Diwani alikuwa ameshasogeza kiti chake nusu mita.

"Chama changu," alitangaza Zunilda, "kinapinga udhibiti wa habari wa aina yoyote! Wananchi wana haki ya kusikia kila kitu, bila kuvishwa nguo!"

Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Costa Tacuara meya na upinzani kukubaliana, na walikubaliana juu ya kichwa cha Nimia.

Chumba cha redio kilikuwa nyuma ya ukumbi, mlango mmoja tu. Meya mwenyewe alikwenda, akarudi akiburuta gunia la unga wa muhogo, limejaa, limefungwa mdomo kwa uzi wa kitani. Akalipandisha jukwaani akihema.

"Uwazi!" alisema. "Leo, hapa, mashine isiyo na upendeleo itasoma kila karatasi iliyofichwa. Zote! Hewani! Kisha tutapiga kura. Injinia, washa."

Nimia alitaka kusema kitu. Alitaka kuwaeleza kwamba wao wenyewe ndio wanaojua. Kila Jumatatu wanakuja watu dirishani na karatasi zilizoandikwa Jumapili baada ya chupa ya tatu, na kila Jumatatu saa sita watu hao hao hukaa kando ya redio wameshika vichwa, wakiomba karatasi ipotee. Nayo hupotea. Hakuna aliyewahi kuja kuuliza imepotelea wapi. Kila mmoja aliamini kwamba Mungu alimtazama yeye peke yake. Lakini hayo yote yalikuwa marefu mno kwa mwanamke aliyekuwa amezomewa, na injinia alikwisha kuweka karatasi ya kwanza chini ya jicho la kioo.

Sauti ya Panambí ikatoka, laini, kama ya msichana wa matangazo ya sabuni.

"Kwa mzee Poli wa kinu cha miwa. Yule bata bukini ambaye mkeo anamlilia, nilimla mimi. Alikuwa mtamu. Nimeshindwa kukwambia usoni. Ni mimi kaka yako wa ubatizo, Anastasio."

Safu ya nne, mzee Anastasio akageuka mweupe. Safu ya tatu, mzee Poli akageuka mzima.

"Wewe!"

"Poli, ndugu yangu, ilikuwa mwaka wa mafuriko..."

"Ulikuja kumtafuta pamoja nasi! Ulishika tochi! Ulimwita kwa jina!"

"Nilikuwa na uchungu pia!"

Watu wakawashika wazee wawili, mmoja akitaka kupiga na mwingine akitaka kupigwa ili yaishe. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Hata Diwani Zunilda alicheka, kifua kikiruka, mpaka injinia alipoweka karatasi ya pili.

"Kwa binamu yangu Ercilia, mtaa wa kituo cha mabasi. Nitumie chipa arobaini kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi, siku ya mashindano. Zifunge kwa blanketi zifike za moto, kama zimetoka tanurini kwangu. Usimwambie mama yako, ana mdomo. Zunilda Arrúa."

Kicheko kikakatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Washindi wa pili wa miaka mitatu mfululizo, dada wawili wa familia ya Giménez, walisimama kwa pamoja bila kusemezana.

"Uongo!" alisema Zunilda. "Hiyo mashine imetunga! Ndiyo hatari yake, nimekuwa nikisema tangu asubuhi, inatunga!"

"Haitungi, mheshimiwa," alisema Injinia Rolón, ameguswa heshima yake. "Inasoma tu. Mwandiko ni huu hapa, na kuna alama ya siagi."

Na hapo ndipo Nimia, kutoka juu, alipoona jambo ambalo waheshimiwa hawakuliona kwa sababu walikuwa wanatazamana. Watu mia tatu walikuwa wanalitazama gunia. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti. Walikuwa wanahesabu Jumapili.

"Nimia," alinong'ona mwanamke wa safu ya mbele, yule yule wa aproni, "ile ya kwangu... ile ya mwalimu wa gitaa..."

Nimia akaitikia kwa kichwa: imo.

"Samahani, mheshimiwa," mtu akainua mkono nyuma. "Huoni kama joto limezidi? Labda tuahirishe."

"Naunga mkono!"

"Na mimi! Mama yangu mgonjwa!"

"Mama yako alikufa mwaka juzi, wewe!"

"Ndiyo maana!"

"Tulieni!" Meya alikuwa anang'aa kwa jasho na furaha. Upinzani ulikuwa umekufa mbele yake bila yeye kuinua kidole. Naye hakuwa na la kuogopa: tangu azaliwe hakuwahi kupeleka karatasi redioni. "Uwazi hauna mapumziko! Injinia, endelea!"

Injinia akatia mkono guniani, akatoa karatasi ya waridi, kipande cha kalenda ya duka la dawa.

Nimia aliijua kabla haijanyooshwa. Ilikuwa ya Ña Serafina, yaani Bibi Serafina, wa ng'ambo ya kijito, mama yake meya. Aliileta mwaka jana, akaisukuma dirishani na kuondoka bila salamu. *Mwanangu Wilfrido. Friji uliyonipa mbele ya wapiga picha ilirudi na lori lile lile jioni. Nilinyamaza kwa sababu ya uchaguzi. Sasa umeshinda, na miezi minne hujaja hata kunitazama. Sitaki friji. Kama umenitupa, basi niambiwe nimetupwa.* Kesho yake alirudi na mayai sita kwenye leso, akasimama dirishani muda mrefu, akasema, "Ile ya jana, binti yangu..." Na Nimia akamjibu, "Ipi, Ña Serafina? Jana sikupata kitu kutoka kwako." Bibi akaacha mayai, akaenda zake.

Sasa Nimia alichotakiwa kufanya ni kukaa tu. Sentensi sita kwa matamshi safi, na Wilfrido Cabañas angekuwa amekwisha, yeye na kisanduku chake. Kiti kingebaki chake. Hakuna ambaye angemlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa amezomewa, na meya ndiye aliyelileta gunia kwa mikono yake.

Lakini saa hizi Ña Serafina alikuwa barazani kwake anachambua maharage, redio dirishani, majirani wawili wamekuja kusikiliza mtoto wake anavyosema vizuri.

Nimia akainuka, akaliziba jicho la kioo kwa mkono wake.

Kengele ya ng'ombe ikalia. "Mama Nimia! Si zamu yako!"

"Mwalimu," alisema Nimia bila kugeuka, "ya kwako imo pia."

Mwalimu Ladislao akaiweka kengele chini ya kiti, taratibu, isije ikalia tena.

"Mnaona!" Meya akapaza sauti. "Mnaona anavyoogopa! Kuna nini kwenye karatasi hiyo, mama?"

"Mheshimiwa, zima kipaza sauti chako kidogo."

"Sizimi! Mimi sina siri na wananchi!"

Nimia akanyoosha mkono, akakizima yeye mwenyewe. Kisha akamshikia karatasi ya waridi usawa wa macho, mgongo wa karatasi kwa watu, kama anavyoshikiwa kitabu mtoto anayejifunza kusoma.

Ukumbi uliona midomo ya meya ikisogea mstari wa kwanza. Uliona ikiacha kusogea. Uliona masikio yake yakianza kuwaka, kwanza la kulia, kisha yote mawili. Alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akakiwasha kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema. "Injinia. Mashine hii imepata moto."

"Hapana, mheshimiwa, ipo sawa kabisa."

"Imepata moto."

"Nimeigusa sasa hivi, mheshimiwa, ni baridi kama..."

"Injinia Rolón! Nimesema imepata moto!"

"Imepata moto!" watu mia tatu wakaitikia kwa sauti moja, na wa safu ya mbele wakaanza kuipepea kwa kofia.

Ikapigwa kura papo hapo. Mwalimu Ladislao akauliza nani wanataka Panambí asome kila kitu hewani kama kilivyoandikwa. Mkono mmoja uliinuka, wa injinia, na mwanamke asiyemjua akaushusha, akamtilia pembe ya tereré mkononi. Akauliza nani wanataka Nimia. Hakukuwa na haja ya kuhesabu. Diwani Zunilda aliinua mikono yote miwili. Mzee Anastasio aliinua wake na wa mzee Poli, ambao alikuwa bado ameushika.

"Gunia lichomwe!" mtu akapendekeza.

"Gunia linarudi lilikotoka," alisema Nimia. Maneno yalikuwa yanamtoka sasa bila shida. "Anayetaka karatasi yake aje Jumatatu, mmoja mmoja, na aje hajanywa."

Zilibaki dakika nane kufika saa sita. Alikuwa ameshalifunga mdomo gunia, analiburuta kuelekea mlango wa nyuma, wakati meya alipomfuata nyuma ya pazia.

"Nipe ile."

"Si yako, mheshimiwa."

"Imeandikwa jina langu, Nimia."

"Imeandikwa na yeye, kisha akaifuata asiipate. Ni yake. Ukiitaka, kamwombe yeye."

Wilfrido Cabañas akajikuna kidevu. Bila kipaza sauti alionekana mfupi. Alitazama saa yake, akatazama nje, gari la manispaa lilipokuwa limeegeshwa juani.

"Unasoma saa sita?"

"Si ndivyo mlivyopiga kura?"

"Basi nisomee moja." Akapapasa mfuko, hakupata karatasi. "Mwambie mama... Ña Serafina wa ng'ambo ya kijito. Mwambie anapata mgeni mchana huu."

"Mgeni wa kufanya nini?"

"Mgeni tu. Rasmi. Sema manispaa inatuma mwakilishi."

"Nimesikia," alisema Nimia.

Akaingia chumbani mwake, akavuta kiti, akafungua dirisha. Nje gari la manispaa lilikuwa linajaribu kuwaka. Kwenye ukumbi watu hawakuwa wameondoka. Walikuwa wamezinyamazisha hata pembe za tereré, wanasikiliza spika. Mishale ya saa ya ukutani ikagusa kumi na mbili. Akavuta pumzi.

"Habari za mchana, Costa Tacuara na ng'ambo zake. Ña Serafina, weka hayo maharage pembeni. Mwanao anakuja kula, yuko njiani, na anakuja peke yake. Mchape, lakini mpe supu."

Gari likawaka.

Kisha Nimia akachukua karatasi iliyofuata, ya nguruwe mweusi aliyepotea karibu na daraja, akaisoma kama ilivyoandikwa.